Mitamba wa Festus Lally

Mitamba watatu wa Festus Lally waliingizwa shambani kwa akina Hession Jumanne asubuhi, wakapitishwa njia ya nyuma ili wasionekane barabarani. Festus alitangulia na ndoo, Mattie Hession akafuata na fimbo. Lango likafungwa kwa kamba.

"Mweusi, mwekundu, na huyu mwenye uso mweupe asiye na adabu," Festus alisema. "Mkiulizwa, ni wenu."

"Na wewe ukiulizwa?" Delia Hession alikuwa amesimama mlangoni na ufagio. Sakafu alikuwa ameifagia mara mbili tayari.

"Mimi? Mimi ni mzee wa miaka sabini, nina ng'ombe mmoja wa maziwa na farasi mwenye kikohozi. Wewe uonekane unacho, mimi nionekane sina, kisha kila mtu achukue chake. Serikali imepoteza nini hapo?"

"Imepoteza pensheni yako."

"Hiyo ni haki yangu, mwanangu. Nimeingoja tangu nizaliwe."

Pale kijijini Derrygarve hakuna aliyeuita mpango huo wizi. Mkaguzi wa ardhi akija, mifugo huongezeka kwa sababu Tume ya Ardhi haimpi ardhi mtu asiye na mnyama wa kulisha humo. Afisa wa pensheni akija, hata kuku huhamia kwa jirani, maana pensheni ya uzee ni ya asiye na mali. Mkaguzi alitarajiwa Jumanne na afisa Ijumaa, habari hizo zilitoka posta, na posta haikosei. Mitamba wangekaa kwa akina Hession wiki nzima na kuwafaa watu wawili kwa majani yale yale.

Delia hakuupenda mpango, lakini hakuupinga. Aliitaka ardhi ile. Wenye jumba kubwa la Castlegarve walikuwa wameondoka, shamba lao likabaki kugawanywa na Tume, na nyuma ya ukuta wa akina Hession kulikuwa na ekari kumi na tano za nyasi zisizoliwa na mnyama yeyote. Upande wa huku wa ukuta, ekari zao nane zilikuwa nusu mawe, nusu maji. Ndiyo maana kila mwaka viazi vikishapandwa Mattie alivuka bahari kwenda Uingereza kuwachimbia watu wengine viazi vyao, akarudi karibu na Krismasi. Krismasi iliyopita mtoto wao mdogo alikwenda kumwita bibi yake akisema kuna mgeni mlangoni; mgeni alikuwa baba yake. Na sasa msimamizi wake wa kule Lincoln, Uingereza, alikuwa amemwambia Mattie aje moja kwa moja, kazi ya mwaka mzima, jibu kabla ya Pasaka.

"Ardhi ikikosekana, nakwenda," Mattie alikuwa amesema. "Nitatuma pesa."

"Sitaki bahasha," Delia alimjibu. "Nataka mume. Ukiniletea bahasha nitailaza upande wako wa kitanda, uone kama itanipasha joto."

Mattie alicheka siku hiyo. Lakini sanduku lake halikurudishwa darini.

*

Aliyeona gari kwanza ni Sabina, mama yake Mattie, ambaye tangu asubuhi alikuwa ameegemea mlango wa nusu, wa chini umefungwa na wa juu wazi, kama askari wa zamu.

"Wamekuja wawili," alisema.

"Wawili gani, Mama?"

"Huyo wa ardhi na yule wa pensheni. Wamebanana kwenye kigari kimoja kama mayai kikapuni."

Delia alichungulia. Ni kweli. Gari la mkaguzi lilikuwa limegoma kuwaka mjini, na Bwana Tuohy wa pensheni, aliyelala hoteli ile ile, akampa nafasi. Kwa kuwa alikuwa anakuja huku, akaona hakuna haja ya kungoja Ijumaa. Parokia nzima ilijua la kufanya kwa mmoja, na ilijua la kufanya kwa mwingine. La kufanya kwa wote wawili kwa pamoja, hakuna aliyewahi kulifikiria.

"Tuwatoe wale mitamba," Mattie alinong'ona.

"Uwapitishe wapi, mbele ya gari? Kaa. Vaa koti."

Wageni walikaribishwa jikoni, karibu na moto wa mboji, udongo wa kinamasi uliokaushwa uwake kama kuni. Delia aliweka chai, mkate wa magadi na siagi, na yai la kuchemsha mbele ya kila mgeni, maana afisa aliyeondoka bila yai angeweza kusema hakuheshimiwa. Bwana Prendeville, mkaguzi, mtu mrefu mwenye sauti ya shuleni, hakuvua koti wala hakuligusa yai. Bwana Tuohy alikula lake, akalitazama la mwenzake, akala na hilo.

"Unakaa hapa mwaka mzima, Bwana Hession?" Prendeville aliuliza.

"Hapa ndipo kwetu."

"Sikuuliza kwenu ni wapi."

"Huwa natoka kidogo."

"Kidogo ni muda gani?"

Mattie alizungusha kofia mikononi. Sabina akamjibia kutoka kona yake: "Anaondoka viazi vikipandwa, anarudi vimekwisha liwa."

"Mama!"

"Ameuliza, nimemjibu. Ana haraka, hata koti hajavua."

Prendeville hakutabasamu. Aliangalia paa pale lilipovuja, akaangalia viatu vya Mattie, viatu vizito vya Kiingereza ambavyo hakuna duka la Derrygarve lililouza. "Tume haitoi ardhi ili mwenyewe akaishi Uingereza na nyasi zikodishwe kwa mchinjaji wa mjini," alisema. "Nimeyaona hayo kwingine. Mtu anakuja kuchukua hati amevaa suti, anarudi kwenye meli jioni ile ile. Utanihakikishiaje wewe si mmoja wao?"

Mattie alikuwa mtu wa nguvu, mtu ambaye huko Uingereza alisimamia wenzake ishirini, lakini mbele ya koti lile alikuwa kama mtoto aliyesahau mistari ya katekisimu.

"Viazi vilivyoko shimoni pale nje," Delia alisema, "unadhani vilijipanda?"

"Nilikuwa nazungumza na mume wako, Bibi Hession."

"Nimesikia. Viazi nimevipalilia mimi na kuvitoa mimi, kwa hiyo nikadhani swali ni langu."

Bwana Tuohy alikohoa kwenye kikombe. Prendeville alisimama. "Twende tuone mifugo," alisema.

*

Mitamba walikuwa wamesimama pale pale walipopangwa, mahali panapoonekana vizuri, na ng'ombe wawili wa akina Hession kando yao, wakiwa wembamba na wenye haya. Prendeville aliwahesabu kwa macho.

"Watano. Afadhali. Wote ni wako?"

"Wangu," Mattie alisema.

Neno hilo lilitoka vizuri kabisa. Prendeville alitikisa kichwa kama mtu aliyeanza kuridhika, na Mattie akavuta pumzi. Hapo ndipo Bwana Tuohy alipofika, akijipangusa makombo ya mkate kifuani, bila haraka. Alikuwa mnene, mpole, mzaliwa wa parokia iliyo ng'ambo ya mlima tu, na upole huo ndio watu waliouogopa.

"Hession," alisema, "nilipokuja kwa ajili ya pensheni ya mama yako, mlikuwa na ng'ombe wawili."

"Tumeongeza."

"Mitamba watatu, na wazuri hivi. Hongera. Basi nyumba inaendelea vyema. Mama anakula, anavaa. Itabidi niitazame upya ile pensheni yake."

"Nakula viazi!" Sabina alipiga kelele kutoka mlango wa nusu; masikio yake hayakuwa na uzee wowote. "Viazi! Kwa meno manne!"

Mattie alimtazama mkewe. Pensheni ya Sabina ndiyo iliyonunua unga na chai miezi ile ambayo pesa za Uingereza zilichelewa. Neno la Mattie likisimama, pensheni inaanguka. Likianguka, ardhi inaondoka nalo. Yule mtamba mwenye uso mweupe alikuwa akilamba mkono wa koti la Prendeville.

"Si wetu," Delia alisema.

"Delia."

"Si wetu, Bwana. Wetu ni huyu mwenye madoa na yule mwenye pembe moja. Hawa wengine wameletwa leo asubuhi ili na sisi tuonekane watu."

Prendeville aliuvuta mkono wake kutoka kwa mtamba. "Mume wako amenitazama usoni akasema ni wake."

"Alisema tulichokubaliana aseme. Na mimi nilikuwepo tulipokubaliana. Ukimlaumu, nilaumu na mimi."

"Ni wa nani?" Tuohy aliuliza taratibu.

"Hilo sitakujibu."

"Ni swali la serikali, Bibi Hession."

"Niulize ya nyumba yangu, nitakueleza mpaka mayai niliyo nayo. Ya nyumba ya mtu mwingine, mwenyewe ana mlango, kaubishe."

Tuohy hakumsukuma. Alikuwa mtu wa kule, alijua kwamba pale jina la mchongezi hudumu kuliko jiwe la kaburi lake, na wajukuu zake huolewa mbali. Alitia tumbaku kwenye kiko akakiwasha.

Prendeville ndiye aliyekuwa amekasirika. "Basi nielewe vizuri. Mna ng'ombe wawili. Hamna farasi. Baba yuko Uingereza zaidi ya nusu ya mwaka. Na mmejaribu kunidanganya. Niandike nini kuhusu nyumba hii?"

"Andika hivyo hivyo ulivyosema, ni kweli yote," Delia alisema. Shingo ilikuwa imemwiva, lakini sauti haikutetemeka. "Kisha uandike na hili. Hukumuuliza kwa nini anakwenda Uingereza. Jibu liko nyuma ya ule ukuta, linaota nyasi zinazofika magotini. Mnataka mtu awe na mifugo kwanza ndipo apewe malisho. Hao mifugo niwalishe nini wakati nangoja? Mawe?"

"Kuna watu wenye mifugo tayari."

"Wapo. Hao wana malisho tayari."

Tuohy alitazama juu mbinguni.

"Na kulima?" Prendeville aliuliza. "Ekari za Castlegarve zitalimwa na nini, kama huna farasi?"

"Hapa hakuna mwenye farasi wawili, Bwana, na plau inataka wawili. Kila mtu analima kwa cha mwenzake. Mwenye farasi anatoa farasi, asiye naye anatoa mikono. Mimi natoa mikono. Nimefunga shayiri ya watu, nimeanua nyasi za watu, nimepanga mboji za watu zikauke. Kisha majira ya kulima jirani analeta farasi wake langoni kwangu bila kuombwa. Hiyo hukuiuliza. Uliuliza ng'ombe, ndiyo maana tukakuletea ng'ombe."

Tuohy, kiko mdomoni, alitembea mpaka langoni. Akafungua kamba, akalisukuma lango wazi, akaegemea ukuta kama mtu aliyekuja kupunga upepo.

"Unafanya nini?" mwenzake alimuuliza.

"Nangoja."

Mwenye uso mweupe alikuwa wa kwanza. Alitoka, akasimama njiani kufikiri kidogo, akakata kushoto. Mwekundu akamfuata, kisha mweusi. Hawakukimbia. Walipanda kilima kama waumini wanaokwenda Misa, wakafika kwenye lango la nyumba ya pili, wakasimama mbele yake na kuanza kulia kwa sauti moja. Mlango ukafunguliwa. Festus Lally akatoka nje na ndoo ya chakula mkononi, kwa mazoea tu, akiwaambia wanyamaze, ameshakuja. Hakuwaona wanaume waliosimama chini ya kilima mpaka ndoo ilipokuwa imekwisha wekwa chini.

*

Festus alipata pensheni, lakini kipande tu. Zaidi ya nusu ilikatwa. Na parokia haikusema imekatwa na mitamba. Ilisema imekatwa na Delia Hession.

Hakuna aliyemtukana. Kanisani tu kulikuwa na nafasi pana kwenye benchi kila upande wake, nafasi ya mtu mzima na mtoto. Dukani mazungumzo yaligeuka kuwa ya hali ya hewa alipoingia. Mwanamke mmoja alimuuliza, kwa upole mwingi, kama ni kweli wageni wa ofisi kuu, kutoka Dublin, wanapenda mayai ya kuchemsha au ya kukaanga.

"Wanapenda ya bure," Delia alimjibu. "Kama wewe."

Lakini kwa Festus alikwenda mwenyewe, mchana, kwa njia ya mbele.

"Sikutaja jina lako," alimwambia.

"Hukutaja. Uliwaacha ng'ombe wanitaje."

"Mitamba ni wako, Mzee. Ungewafundisha kufunga mdomo."

Kitu kilicheza kwenye shavu la Festus, kikatulizwa. "Neno moja tu lilihitajika. Wetu. Mattie alilisema na akalishika. Wewe ukamnyang'anya mumeo neno mdomoni mbele ya wageni."

"Na pensheni ya mama mkwe wangu iende?"

"Tungesaidiana."

"Kwa kipi? Kwa pensheni yako?"

"Yako ulikuwa na haki ya kuilinda," mzee alisema. "Sikukatazi. Ila ya mtu aliyekuletea mali yake mpaka mlangoni ungeilinda nayo. Nenda nyumbani, Delia. Farasi wangu hatavuka tena lango lako. Wala mikono yako siitaki kwangu." Akafunga mlango wa nusu, wa chini kwanza, kisha wa juu.

Delia alirudi akifikiri kwamba mzee alikuwa na haki nusu, na kwamba nusu hiyo ndiyo ilimuuma. Hakumwambia mtu. Nyumbani Mattie alikuwa akichonga mpini wa sepetu na hakuinua kichwa.

"Umetukosesha ardhi na jirani kwa pumzi moja," alisema.

"Jirani, ndiyo. Ardhi bado hatujaambiwa."

"Utaambiwa nini? Ulimwita mkaguzi mjinga usoni pake."

"Shambani kwangu," Delia alisema. "Na sikumwita. Nilimweleza."

*

Mwezi wa pili watu wa Tume walikuja na kamba na vigingi, wakakata Castlegarve kama keki ya harusi. Watu walitoka kuangalia vigingi vinakogongwa. Akina Hession walipewa ekari tisa, si kumi na tano, na zilikuwa za upande wa chini kuelekea mto, penye matete. Na hazikutolewa moja kwa moja. Zilikuwa za kujaribiwa mwaka mmoja. Ekari mbili zilimwe na kupandwa kufikia mwisho wa Aprili, mwenye nyumba awepo, na mkaguzi atarudi kuona kwa macho yake. Isipokuwa hivyo, vigingi vingehamishwa.

"Ametupa kamba tujinyonge," Mattie alisema. Lakini alikwenda kuuliza farasi. Nyumba ya kwanza farasi alikuwa ameumia mguu. Ya pili alikuwa ameahidiwa kwingine. Ya tatu mwenye nyumba alikuwa mkweli zaidi: "Nikikupa wangu, Mattie, Festus hatanipa wake. Na mimi nina shamba la kulima."

Alirudi akakaa mbele ya moto na kofia kichwani. Sanduku lilikuwa pale pale ukutani.

"Msimamizi anangoja jibu," alisema.

"Angoje."

"Ekari mbili, Delia. Kwenye majani ambayo hayajapinduliwa tangu enzi za babu wa babu yangu. Kwa sepetu?"

"Babu zetu walilima kwa sepetu."

"Babu zetu walikufa."

"Hawakufa kwa kulima," Sabina alisema kutoka konani. "Walikufa kwa kukosa pa kulima. Nipe kisu, nianze kukata mbegu. Nyinyi endeleeni kubishana, mimi nina viazi vya kukata."

Mattie akasimama, akachukua sanduku, akapanda ngazi na kulirudisha darini.

Walianza kesho yake. Mattie alikata majani na kuyapindua, Delia akafuata akiinua udongo wa mfereji kuufunika mgongo wa tuta. Nonie, binti yao mkubwa, alibeba samadi kwa kikapu mgongoni baada ya shule, na Sabina alikaa ukutani juu ya gunia akikata viazi, kila kipande na jicho lake. Mizizi ya matete ilikuwa kama kamba za meli. Viganja vya Delia vilipasuka, vikapona, vikapasuka mahali pengine. Mvua ilinyesha wakaendelea, kwa sababu wangengoja iishe wangengoja mpaka Agosti.

Watu walipita barabarani kuliko kawaida. Wengine walisema "Mungu aibariki kazi," kwa kuwa hilo huwezi kumnyima hata adui, kisha wakaenda zao. Festus alipita kila siku. Ukuta wake uligusana na mpaka mpya, na ghafla ukawa ukuta wenye matatizo mengi.

"Mnachimba kaburi la nani?" aliuliza siku moja, akilielekeza swali kwa Mattie.

"La yeyote atakayelala wa kwanza, Mzee," Delia alimjibu.

"Sikuzungumza na wewe."

"Ndiyo kawaida ya wanaume mwaka huu."

Mattie aliinama zaidi kuficha uso. Usiku ule, kwa mara ya kwanza tangu mitamba, alimwambia mkewe neno la kucheka. Lilikuwa neno dogo tu juu ya viganja vyake na mgongo wa nungunungu. Delia aligeukia ukuta akatabasamu gizani.

*

Prendeville alirudi wiki ya mwisho ya Aprili, peke yake, kwa gari lake mwenyewe. Safari hii alivua koti. Alitembea kati ya matuta kutoka juu mpaka kwenye matete, akapima kwa hatua zake ndefu, akainama na kufukua kipande cha kiazi aone kama ni kiazi kweli, akakifukia. Kisha akarudi pale walipokuwa wamesimama, Mattie, Delia na sepetu zao. Ng'ambo ya ukuta Festus Lally alikuwa ameshika jiwe ambalo hakulipatia mahali.

"Plau haikupita hapa," mkaguzi alisema.

"Haikupita," Mattie alisema.

"Yote hii ni kwa mkono?"

"Kwa mikono minne. Na ya mama na ya binti."

Prendeville alimgeukia Delia. "Uliniambia jirani huleta farasi bila kuombwa. Niliandika hivyo. Kwa kweli hilo ndilo nililoandika zaidi. Farasi yuko wapi?"

Upepo ulikuwa ukivuma kuelekea ukutani. Delia alijua kila neno lingefika. Alipangusa viganja kwenye aproni.

"Mwaka huu hatukulima naye."

"Kwa nini?"

"Habari za farasi wa mtu anazo mwenye farasi."

"Alikuwa mgonjwa?"

"Mgonjwa!" Jiwe lilidondoka upande wa pili wa ukuta. "Nani mgonjwa? Farasi wangu hajaugua hata siku moja. Ana afya kuliko ofisi nzima ya Dublin!" Uso wa Festus ulikuwa umejaa damu. "Hakuna aliyemzuia ila mimi. Nilimkataza nije niwaone wakishindwa. Andika na hilo kama una wino."

Prendeville alimtazama mzee, akamtazama Delia, na kwa mara ya kwanza kikatokea kitu kama tabasamu, kifupi, cha upande mmoja. "Na ulimkataza kwa nini, Bwana Lally?"

"Hilo ni kati yangu na mwanamke huyu. Na halina pensheni ndani yake."

Mkaguzi alichukua koti lake kutoka kwenye kigingi alipolitundika. Alitembea mpaka barabarani, akasimama mbele ya ukuta wa zamani wa Castlegarve uliokuwa umeporomoka sehemu mbili, akaugusa kwa ncha ya kiatu.

"Huu mtaujenga kabla ya baridi," alisema. "Na mtaujenga wenyewe. Tume hailipii ukuta wa mtu."

Akaingia garini akaondoka. Mattie alibaki akilitazama vumbi.

"Amekasirika?" aliuliza. "Hakusema ndiyo wala hapana."

"Amesema tujenge ukuta wetu," Delia alisema. "Mtu hajengeshwi ukuta wa shamba la kunyang'anywa."

Mattie aliketi pale pale juu ya tuta, juu ya viazi vyake mwenyewe, akavua kofia, akaivaa tena, akaivua.

"Tuta la tatu limepinda," Festus alisema kutoka ukutani. "Kama mguu wa nyuma wa mbwa."

"Naliona, Mzee."

"Linaonekana mpaka barabarani. Ni aibu kwa majirani."

"Majirani wavumilie."

"Plau ingelinyoosha."

"Ingelinyoosha," Delia alikubali.

Festus aliokota jiwe lake, akaligeuza huku na huku. Alikuwa akingoja aombwe. Delia hakuomba. Ile kona ya chini karibu na matete ilikuwa bado haijaguswa, haikuwemo kwenye ekari mbili za serikali, lakini ilikuwa yao, na jua lilikuwa bado juu. Akamgusa mumewe begani kwa mpini wa sepetu, akashuka kuichimba.